Nyumbani na Shuleni: Nusu Saa ya Kitabu cha Hadithi

Katika nyumba nyingi za wakulima kuna ugomvi mdogo ambao hurudi karibu kila jioni. Mtoto amekwisha kula, ameketi karibu na taa, na mkononi ana kitabu chembamba chenye picha ya sungura au ya jahazi. Baba huingia, akamtazama, akauliza: "Je, hicho ni kitabu cha mtihani?" Mtoto hujibu: "La, baba, ni hadithi tu." Ndipo huambiwa akiweke chini na kushika kitabu cha maana, au kama hana, akatazame ndama kama wamefungwa.

Mzazi asemaye hivyo hana nia mbaya. Amenunua sare na viatu kwa jasho lake, naye ataka kuona faida. Hata hivyo yafaa jambo hili lipimwe vizuri, kwa maana huenda mtoto ananyang'anywa kitu chenye faida kubwa kuliko kile anachopewa badala yake.

Kwanza mzazi na azihesabu saa za mtoto wake, kama vile ahesabuvyo magunia ya mahindi kabla ya kuyauza. Msichana wa Gredi ya Tano katika vijiji vya milimani huamka kungali giza. Huchota maji, hufagia uwanja, hunywa chai au uji, kisha hushika njia pamoja na wenzake, mikoba mgongoni, umande ukiwalowesha miguu. Shuleni kuna gwaride, na siku ya kupandisha bendera huimbwa wimbo wa taifa. Kisha masomo huanza, kila kipindi dakika 35: Kiingereza, Kiswahili, hesabu, sayansi, kilimo, mambo ya jamii, dini na sanaa. Adhuhuri hula githeri aliyoibeba kutoka nyumbani, au ile inayopikwa shuleni. Kwa kanuni za elimu ya msingi zilizotolewa mwaka 2015, masomo ya darasani katika shule za kutwa humalizika saa tisa na nusu alasiri, na muda unaofuata, mpaka saa kumi na moja kasoro robo, ni wa michezo na vyama vya wanafunzi.

Afikapo nyumbani jua limekwisha kuinama. Kuna kuni za kutafuta, kuna mdogo wake wa kubeba, kuna sufuria za kuosha, kisha kuna kazi aliyopewa na mwalimu. Kaka yake naye ana mbuzi wa kurudisha zizini. Lakini ni kweli isiyofichika kwamba nyumba nyingi humwachia mvulana nafasi kubwa kuliko dada yake. Mvulana akimaliza mbuzi amemaliza; msichana akimaliza hili aitwa kwa lile. Basi ukizitoa saa zote hizo, kinachobaki kabla ya usingizi ni kama nusu saa. Hiyo ndiyo mali pekee ya mtoto katika siku nzima, na swali ni hili: itumiwe kwa nini?

Wengine watasema kwamba mtoto tayari ana nafasi ya kutosha ya kucheza, na mchezo haujazi ghala. Mtu mwenye macho na asimame kando ya uwanja wa shule atazame. Huyu amefunga mpira wa makaratasi na kamba, ukawa mgumu wa kutosha kuruka. Wale wanacheza kati: wawili wanarusha mpira, na aliye katikati anaukwepa kwa wepesi wa paa. Wengine wameinama juu ya bano, wanapima kwa jicho umbali wa gololi na gololi. Mvulana mmoja anasukuma gari la waya ambalo magurudumu yake ameyakata katika ndara kuukuu, na usukani wake unakata kona kweli. Hakuna aliyewafundisha mambo hayo ubaoni. Wamejifunza kupima, kusubiri zamu, kushindwa bila kununa, na kufanya kitu kutokana na takataka.

Waalimu wa Kenya walilitambua jambo hilo zamani. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na mpaka leo watoto wa shule hushindana humo kwa nyimbo na mashairi. Mwaka 1968 vilianzishwa vyama vya wanafunzi vya kuhifadhi wanyama wa porini. Wakulima wengi wenye mvi watakumbuka vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambavyo viliwafundisha watoto kulima bustani na kufuga sungura, na ambavyo serikali ilivifufua mwezi wa Juni mwaka 2021. Mtoto aliyepewa tuta moja la sukuma wiki liwe lake mwenyewe hujifunza kilimo kwa namna ambayo kurasa kumi haziwezi kumfunza.

Sasa, kitabu cha hadithi ni ndugu wa mchezo, wala si ndugu wa uvivu. Mfano mzuri uko katika kisa cha mwandishi wa Scotland, Robert Louis Stevenson. Mwaka 1881 alikuwa likizoni pamoja na mtoto wake wa kambo, mvulana wa miaka 13, na mvua iliwafungia ndani. Wakajipumbaza kwa kuchora na kupaka rangi, na katika mchezo huo ikatokea ramani ya kisiwa kisichokuwako duniani. Kutokana na ramani hiyo Stevenson akaandika hadithi ya mabaharia na hazina iliyofukiwa. Mwaka 1929 hadithi hiyo ilitolewa kwa Kiswahili na Frederick Johnson kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, nayo ikasomwa na vijana wengi wa Afrika Mashariki ambao hawakuwa wameiona bahari. Hivyo mchezo wa siku moja ya mvua ulizaa kitabu ambacho kimesafiri dunia nzima.

Wala watoto wa nchi hizi hawana haja ya kungoja hadithi za ng'ambo peke yake. James Mbotela wa Freretown, Mombasa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934, akieleza habari za watu waliotekwa na kisha wakakombolewa. Naye alikuwa mwana wa mmoja wao. Shaaban Robert wa Tanga alitoa Adili na Nduguze mwaka 1952, hadithi ambayo ndani yake ndugu wenye wivu hugeuzwa manyani, na mtoto aisomaye hujifunza ubaya wa husuda bila ya kuhubiriwa. Pamela Kola alikusanya hadithi za wanyama za Afrika Mashariki na kuzichapisha tangu mwaka 1966. Katika miaka hiyohiyo Barbara Kimenye, aliyeishi Uganda na Kenya, alianza kuandika visa vya kijana Moses, mtundu wa shule ya bweni, ambavyo vimewachekesha watoto mpaka wakasahau kwamba wanasoma Kiingereza.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Mtoto asomaye kitabu cha masomo husoma kwa sababu ametumwa. Husimama pale alipoambiwa asimame. Mtoto asomaye hadithi hutaka kujua sungura ataponaje, na kwa tamaa hiyo huvuka maneno magumu kama mchungaji avukavyo mto akimfuata ng'ombe wake. Neno asilolijua leo hulikuta tena kesho, mara ya tatu amekwisha kulishika. Mwalimu akimwagiza aandike insha, yeye ana maneno ghalani. Mwenzake hana ila yale ya ubaoni. Basi hata mzazi ambaye hajali lolote ila mtihani, anamdhulumu mtoto wake katika mtihani huohuo anapomnyima hadithi.

Tena mitihani hubadilika. Wazee waliosoma katika miaka ya 1950 wanakumbuka mtihani wa darasa la nne, ambao uliwarudisha wengi nyumbani wakiwa bado watoto wadogo. Mtihani wa darasa la nane, K.C.P.E., ulianza mwaka 1985 na ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtaala wa umilisi ulipochukua mahali pa ule wa zamani. Mzazi aliyemfundisha mtoto kusoma kwa ajili ya karatasi ya siku moja amejenga juu ya kitu kinachoondolewa. Aliyemfundisha kupenda kusoma amempa jembe lisilochakaa.

Na awaye yote anayedhani kwamba kusoma ni kwa ajili ya cheti tu, na amkumbuke mzee Kimani Maruge. Mwezi wa Januari mwaka 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na mwaka uliofuata mzee huyo, akiwa na miaka 84 kwa hesabu yake, alivaa kaptura na soksi za shule akaingia darasa la kwanza katika shule moja ya Eldoret. Hakuwa akitafuta kazi ya ofisini. Alisema kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Alikufa mwaka 2009, na mpaka siku zake za mwisho alijulikana kama mwanafunzi. Ikiwa mzee aliona kwamba kujisomea mwenyewe kunastahili aibu ya kuketi na vitukuu, je, mtoto wa miaka kumi ambaye tayari ameijua njia, ni haki afungiwe mlango?

Huenda msomaji akasema: "Maneno ni mazuri, lakini vitabu viko wapi?" Swali hilo ni la haki. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, lakini kitabu cha kiada si kitabu cha hadithi, na mkulima hawezi kununua kila kitu. Hata hivyo watu wamelishinda tatizo hili mahali pagumu zaidi. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948, ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani na kuazima wasomaji vitabu kwa njia ya posta. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia katika nchi kavu ya Garissa. Ngamia mmoja alibebeshwa masanduku mawili yenye vitabu karibu 400, mwingine akabeba hema, na watoto wa wafugaji wakaketi chini ya kivuli wakichagua. Ikiwa ngamia ameweza kuvuka mchanga kwa ajili ya hadithi, wazazi wanaokaa kando ya barabara ya magari hawana udhuru mkubwa.

Mambo manne yaweza kufanywa bila kungoja msaada wa mtu. Kwanza, wazazi watano wa jirani wakubaliane, kila mmoja anunue kitabu kimoja cha hadithi kwa mwaka. Vitabu vizunguke kila mwezi, na kwa gharama ya kitabu kimoja kila mtoto atakuwa amesoma vitano. Daftari moja litoshe kuandika nani amechukua nini, ili kisipotee hata kimoja. Pili, nusu saa ya mtoto iwe na mpaka wake kama shamba lenye ua: kazi za jioni zifanywe kabla, na zigawanywe sawasawa baina ya msichana na mvulana, hata dada naye aketi. Tatu, taa, iwe ya umeme, ya jua, au koroboi, iwekwe mahali ambapo mtoto aona maandishi bila kuyakodolea macho. Na simu ya baba inyamaze kwa muda huo, kwa maana ni vigumu mtoto kupenda kitabu akimsikia mzazi anacheka peke yake na picha za simu. Nne, mzazi amwombe mtoto asimulie alichosoma. Hata mama asiyejua kusoma aweza kuuliza: "Kisha ikawaje?" Swali hilo fupi humfanya mtoto apange mawazo yake, na humwonyesha kwamba kusoma kwake ni jambo la heshima nyumbani.

Tena mama au nyanya akishasikiliza, naye na atoe hadithi yake. Zamani hadithi zilitolewa jikoni, na watoto walijifunza humo hekima, mafumbo na lugha safi. Mtoto aliyezisikia atazitambua azionapo kitabuni, na pengine siku moja ataziandika mwenyewe, kama walivyofanya waliotajwa hapo juu.

Wahenga walisema, udongo upate uli maji. Mtoto wa Gredi ya Tano bado ni udongo laini, lakini miaka ya utoto haingoji mavuno mazuri wala bei nzuri ya kahawa. Mbuzi watafungwa, na sufuria zitaoshwa. Zikimalizika kazi hizo, mtoto na aachiwe taa na kitabu chake, wala asiulizwe kama kina mtihani.