Simu Ikilia Usiku Machakos

Huenda ukajiuliza mkazi wa Machakos ana haja gani na mambo ya bahari, ilhali maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Masinga. Lakini huna jamaa aliyehamia Mombasa au Kilifi? Pengine siku hizi anafanya kazi kwenye mashua za kuvua mbali na pwani, au amenunua yake. Na pengine ameliandika jina lako kwenye fomu bila kukuambia.

Fomu yenyewe ni ya kusajili kifaa cha kuomba msaada. Ni kidude cha kushikika mkononi, na vipo vinavyojifungua vyenyewe chombo kinapozama, kabla ya kufika kina cha mita 4, vikaelea na kutuma ishara kwa masafa ya megahatsi 406. Setilaiti huinasa. Kifaa kikiwa na GPS, waokoaji huonyeshwa mahali penyewe kwa kiasi cha mita 100 hivi. Kisipokuwa nayo, huenda wakasaka kilomita kadhaa, na mkondo wa bahari haumngoji mtu. Betri hudumu angalau saa 48. Simu ya mkononi ni bure huko. Ukiiacha pwani mbali, mtandao hakuna.

Ila setilaiti haisemi ni nani anayezama. Hutoa nambari tu, ikiwa na alama ya nchi. Ya Kenya ni 634. Waokoaji, ambao kwa bahari yetu wana kituo Mombasa tangu 2006, humtafuta mwenye chombo, na asipopatikana, yule aliyeandikwa kwenye fomu. Lazima waulize, kwa maana ishara nyingi huwa za bure: mtoto amebonyeza, au kifaa kimeanguka bandarini.

Sasa simu ikilia saa nane za usiku huko Mumbuni, utajibu nini? "Ati nani? Kwani yuko baharini?" Dakika zinakwenda.

Mpigie jamaa yako leo. Uliza rangi ya mashua, huwa na watu wangapi, na akuarifu kila anapotoka na saa ya kurudi. Yaandike karibu na simu. Nawe ukibadilisha laini, jinsi tunavyozibadilisha kama soksi, mwambie airekebishe fomu. Muulize pia betri inaisha mwaka gani; tarehe imechapishwa kwenye kifaa.