Stetasi Imeokoka, Daftari la Butura Bado

Kayanga kuna kijana mmoja, jina kapuni, MC wa harusi na sendofu. Wakati wa mkesha wa mwaka mpya alipita mbele kanisani, akalia, akaokoka. Hata hakujapambazuka, stetasi ilishabadilika: kapiga magoti, maneno marefu chini. Komenti zikamiminika, hongera mtumishi, Mungu ni mwema. Kuna mmoja akaandika "tukutane Pasaka", na huyo ndiye aliyevuna laiki kuliko wote.

Jamaa alibadilika kweli lakini. Rubisi kaacha. Wasichana kaacha (hapa wengi hawaamini, basi wasiamini). Kilichobaki ni kitu kisichoonekana kwenye picha: daftari.

Kwa wasio wa Kagera, butura ni kununua kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Mama anadaiwa mahitaji ya shule Januari, hana hela, unampa kidogo leo, ikiiva mavuno ni yako. Serikali imeipiga marufuku, wakulima wanaambiwa kahawa ipitie kwenye vyama vya ushirika, lakini mwenye shida ya leo hasubiri mnada. MC alikuwa na majina kumi na moja mle ndani. Gari linalobeba spika zake lilitoka humo.

Watu hudhani ugumu wa kukua kiroho ni kuamka saa kumi alfajiri au kufunga siku tatu. Huyu aliyaweza yote. Kilichomshinda ni kufungua ule ukurasa. Akaongeza mikesha, akaingia kwaya, akawa anasali mpaka sauti inakauka, na daftari liko pale pale chini ya godoro. Ukweli usemwe: sala nayo inaweza kuwa sehemu ya kujificha, na wanaojificha humo ni wengi kuliko wanaokunywa rubisi.

Mkoa huu si mgeni wa mambo haya. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulipita Uganda ukafika Bukoba na Karagwe. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alitokea kwenye uamsho huo. Wale watu hawakuishia kulia na kuimba. Walitaja dhambi zao hadharani, wakarudisha vya wizi, wakalipa madeni. Na waliowapinga hawakuwa wapagani tu, hata ndani ya kanisa baadhi waliwaona wavurugaji. Leo ushuhuda umebaki, kurudisha kumepotea njiani.

Mwezi wa pili MC akaenda kwa bibi mmoja, jina la kwanza kwenye daftari. Shikamoo, marahaba, akatoa ile karatasi yenye dole gumba. Akasema bibi avune mwenyewe, auze, arudishe tu kile alichokopa, siku akipata.

Bibi akaiangalia karatasi, akamwangalia yeye.

"Mjukuu wangu, sasa unataka na shamba?"

Ilibidi aitwe jirani anayejua kusoma ndipo bibi akubali kuipokea.

Habari ikafika kijiwe cha bodaboda kabla yake. Kachanganyikiwa. Karogwa. Wenzake wa butura wakampigia simu kwamba anawaharibia soko. Hata kwenye kwaya kuna waliomshauri apunguze, eti Mungu anaangalia moyo. Rahisi kusema ukiwa na daftari lako nyumbani. Hao ndio wabaya zaidi ya kijiwe, maana kijiwe kinacheka tu, hawa wanamrudisha nyuma kwa maneno matamu.

Mpaka sasa amerudisha tatu. Nane bado, na kahawa mtini inazidi kukomaa. Juzi gari likawekwa mtandaoni, linauzwa. Komenti ya kwanza: "Wokovu umemfilisi."

Ya pili ilikuwa ya mwenzake mmoja wa butura, anauliza bei ya mwisho.