Hamira si ya Mahamri Pekee

Mama aumuaye unga wa mahamri alfajiri mjini Malindi, na mgema ateremkaye mnazini kule Kaloleni, wote humtegemea mtumishi mmoja asiyeonekana kwa macho matupu. Mtumishi huyo ni hamira, kiumbe wa seli moja aufurishaye unga na kulifanya tembo tamu kuwa kali. Ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba kiumbe huyo huyo hutumiwa kuchunguzia dawa za maradhi ya akili.

Mwaka 1949, daktari John Cade wa Australia alitangaza faida ya lithiamu kwa wagonjwa ambao hisia zao hupanda kupita kiasi, kisha huanguka katika huzuni nzito. Dawa hiyo imeokoa wengi, lakini yaweza kudhuru figo, na jinsi ifanyavyo kazi bado ni suala la mjadala. Hapo ndipo hamira inapofaa. Seli yake yafanana na yetu katika mambo mengi ya msingi, na ramani kamili ya jeni zake ilikamilishwa mwaka 1996. Katika Chuo Kikuu cha Wayne State, mjini Detroit, Marekani, Miriam Greenberg na wenzake walionyesha kwamba lithiamu na valproeti, dawa mbili zisizofanana, zote hupunguza inositoli ndani ya hamira. Inositoli ni kitu ambacho seli hukihitaji katika kupokea na kupeleka ishara.

Huenda msomaji akauliza: hayo ya Detroit yatuhusu nini? Valproeti ndiyo hiyo itumiwayo kutibu kifafa, maradhi ambayo watafiti wa KEMRI mjini Kilifi wameyachunguza kwa miaka mingi. Hata hivyo, mwenye kifafa na mwenye sonona bado husemwa kuwa wamepagawa, wakazungushwa kwa waganga hadi jamaa wakauza mbuzi wa mwisho.

Kweli, hamira hailii wala haicheki, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dawa iliyofaulu kwa hamira sharti ipimwe kwa wanyama, kisha kwa binadamu. Lakini hatua hiyo ya kwanza haihitaji mali ya Karuni: hamira hula sukari, na huongezeka maradufu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko papo hapo Kilifi. Vijana wake na wapewe vyombo na fedha. Serikali ya kaunti nayo ihakikishe kwamba dawa zilizokwisha kuthibitishwa hazikosekani katika zahanati zetu. Anayeugua akili hastahili kufungwa kamba, bali kutibiwa kama augueye malaria.