UCHANGANUZI: Leseni ya paka haitamwokoa sungura wa Mulot

PAKA wa nyumba haingwa, walisema wahenga. Hata hivyo, methali hiyo haikueleza afanywe nini paka wa nyumba ya jirani anayeruka ua usiku wa manane na kuvamia kizimba cha sungura wa mtoto.

Suala hilo, ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, lilifika kwenye meza za watunga sheria Januari 2025. Kaunti ya Nairobi ilipendekeza wakati huo kwamba kila anayefuga paka alipe Sh200 kwa mwaka ili apewe leseni, baada ya kuonyesha kwamba mnyama wake amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.

Mswada huo ulitaka pia mwenye paka ahakikishe halii kwa namna ya kuwasumbua majirani, na paka jike afungiwe ndani anapokuwa katika joto la kutafuta dume. Pendekezo hilo lilizua kicheko na ghadhabu kwa pamoja. Baadhi ya Wakenya walilitazama kama njia nyingine ya kuwakamua wananchi, ilhali wengine waliona kuwa wakati wa kuwadhibiti wanyama wanaozurura umewadia.

Katika vicheko hivyo, hakuna aliyemtaja sana mwathiriwa wa kimya, yaani sungura, kifaranga au njiwa aliye chini ya ulinzi wa mtoto wa shule.

Mwathiriwa huyo hayuko Nairobi pekee. Yuko pia katika vituo vya biashara kama Mulot, ukingoni mwa nchi ya majani chai, pale Bomet inapopakana na Narok. Katika miji ya aina hiyo, paka hafugwi kwa mapambo. Ni mlinzi wa ghala, maana bila yeye panya hujitawalia mahindi. Hulishwa kidogo, huachwa atafute mengine, na usiku hana mpaka.

Jirani wa ghala hilo huenda ni familia ambayo mtoto wao anafuga sungura wawili au watatu. Vilabu vya 4K, ambavyo serikali ilivifufua mwaka wa 2021, viliwarejesha wanafunzi wengi kwenye ufugaji mdogo wa aina hiyo. Sungura hula majani na mabaki ya mboga, hahitaji shamba kubwa, na hubeba mimba kwa takriban siku 31 tu.

Kwa mtoto, sungura huyo ni rafiki mwenye jina. Kwa mzazi, ni akiba ya kununulia daftari na sare. Anapouawa na paka, hasara huingia moyoni na mfukoni kwa wakati mmoja.

Sheria inasema nini?

Anayetarajia kulipwa fidia huenda akavunjika moyo. Katiba ya 2010, kupitia Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda maslahi yao, ikiwemo kutoa leseni za mbwa. Mbwa ametajwa kwa jina. Paka hakutajwa.

Pengo hilo lina historia ndefu. Mwaka wa 1926, mahakama nchini Uingereza iliamua kesi ya mtu ambaye njiwa wake 13 na kuku wawili wadogo waliuawa na paka wa jirani. Mlalamishi alishindwa. Majaji walisema kwamba paka aliyevuka ua na kuwinda ndege alifuata tu maumbile yake, na hivyo mwenyewe hakupaswa kulipa.

Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, ingawa wakili anaweza kuutaja ili kuwashawishi majaji. Lakini hata bila kesi hiyo, kuthibitisha ni paka yupi aliyeua, na ni wa nani, ni kazi ngumu. Paka hana nambari ya usajili, na mwenyewe hukosekana siku ya lawama.

Mulot ina mtihani wa ziada. Mji huo uko mpakani, na kanuni ambayo bunge la Kaunti ya Bomet lingeipitisha haingekuwa na nguvu upande wa Narok. Paka hasomi ramani. Leseni ya upande mmoja ingeugeuza upande wa pili kuwa maficho.

Hatari ya sumu

Sheria inaponyamaza, hasira husema. Njia ambayo wengi huikimbilia ni kutia sumu kwenye kipande cha nyama na kukiacha kando ya ua. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Kwanza, sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inaweza kumgeuza mfugaji aliyedhulumiwa kuwa mshtakiwa. Pili, sumu haichagui. Mbwa wa mlinzi, kuku wa jirani na hata mtoto mchanga anayetambaa wanaweza kukifikia kipande hicho kabla ya paka aliyekusudiwa.

Tatu, Mulot si mbali na mbuga ya Maasai Mara. Mto Amala unaopita hapo huungana na Nyangores kuunda Mto Mara. Katika eneo hilo pana, tai wamewahi kufa kwa wingi baada ya kula mizoga iliyotiwa sumu kwa nia ya kuwaua simba na fisi. Vifo vya wanyamapori vilivyohusishwa na dawa ya wadudu ya Furadan vilizua malalamiko makubwa, hadi mtengenezaji wake akaiondoa katika soko la Kenya mwaka wa 2009. Anayeutupa mzoga wa paka aliyekula sumu hajui nani ataukuta.

Tena, paka anayeuawa huacha nafasi. Maadamu kuna panya na mabaki ya chakula sokoni, mwingine atakuja kuijaza.

Kinga iko kwenye kizimba

Ukweli usiopendeza ni kwamba ulinzi wa kwanza wa sungura uko mikononi mwa anayemfuga. Vizimba vingi vya nyumbani hujengwa kwa wavu wa kawaida wa kuku. Wavu huo humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii paka asiingie. Nyaya zake hupinda, na matundu yake hupitisha mguu wenye kucha.

Kinachofaa ni wavu mgumu wa nyaya zilizochomelewa, wenye matundu yasiyozidi milimita 13, hasa penye vitoto, kwa kuwa vitoto vya sungura huzaliwa bila manyoya na macho yakiwa yamefumba. Kizimba kiinuliwe kama mita moja kutoka ardhini, na miguu yake ivishwe bati laini ili paka asipate pa kushikilia. Paa liwe zima, na mlango uwe na komeo la chuma badala ya kamba.

Upande mmoja wa kizimba uzibwe kwa mbao, ili sungura apate pa kujificha. Jambo hili hupuuzwa, ilhali sungura anaweza kufa kwa mshtuko hata kabla ya kuguswa, na mama aliyetishwa anaweza kuvikanyaga vitoto vyake.

Nyasi za kumlisha nazo zifunikwe. Kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo humdhuru sungura na pia ni hatari kwa mama mjamzito. Na sungura aliyeng'atwa, hata kama jeraha ni dogo, apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema, kwa maana meno ya paka huingiza vijidudu ndani kabisa ya nyama.

Wajibu wa jirani na kaunti

Hayo yote hayamwondolei lawama mwenye paka. Paka huwinda zaidi alfajiri, magharibi na usiku. Kumfungia ndani ya ghala usiku kunamlinda sungura wa jirani, na wakati huohuo kunamweka mlinzi huyo mahali panya walipo. Aidha, dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, na jike aliyefungwa kizazi hazalishi kundi jipya la wasio na mwenyewe. Mimba ya paka huchukua takriban miezi miwili tu, hivyo ua mmoja unaweza kujaa kabla ya mwaka kwisha.

Hapa ndipo kaunti zinapopaswa kupimwa. Mkakati wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, uliozinduliwa mwaka wa 2014, unalenga kumaliza vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na ndiyo sababu kampeni za chanjo humwangalia mbwa kwanza. Hata hivyo, paka naye huambukizwa na huambukiza, na siku ya chanjo ya mbwa ni siku nzuri ya kumleta paka pia.

Iwapo Bomet na Narok zingepanga siku moja ya chanjo na kuhasi wanyama hapo Mulot, wakazi wa pande zote mbili wangefaidika kuliko wanavyoweza kufaidika na risiti ya Sh200. Leseni isiyoambatana na huduma ni kodi tu. Haimzuii paka kuruka ua.

Hadi siku hiyo itakapofika, suluhu ya haraka itatoka kwa wazee wa kijiji na majirani wenyewe: mwenye sungura aimarishe kizimba, mwenye paka afunge ghala usiku, na wote wakubaliane kwamba sumu haitatumika. Mtoto aliyempoteza sungura wake kwa sababu ya paka anaweza kupewa mwingine. Ujirani uliotiwa sumu huchukua miaka kupona.