Timu Ikishuka, Ndugu Akianguka

Hapa Mapera ukitaja mpira watu hutaja Simba au Yanga. Mimi tangu utotoni ni wa Majimaji ya Songea, timu yenye jina la vita vya mwaka 1905 hadi 1907 walivyopigana wazee wa Ungoni. Iliwahi kuwa bingwa. Mwaka 2018 ikashuka kutoka Ligi Kuu. Wenzangu walinicheka, wakaniambia nihamie kwa wakubwa. Nikawajibu, "Timu haiachwi kwa sababu imefungwa."

Maneno hayo yalinirudia. Jirani yangu wa jumuiya alikopa kwa kutegemea kahawa, akashindwa kulipa, akaingia kwenye pombe, akaacha kusali. Kila Jumapili nilipita mlangoni kwake nikienda kanisani, wala sikubisha hodi.

Siku moja mama watoto akaniuliza, "Baba, Majimaji imeshuka na bado unaisubiri. Huyu naye je?"

Sikuwa na jibu.

Katika Luka 15, baba alimwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia. Hakungoja kwanza apande daraja.

Jioni ile nilikwenda. Tulikaa uani, hatukuongea mengi. Kanisani bado hajarudi, lakini sasa nikipita asubuhi ananisalimia, nami nasimama.

Kupenda timu si dhambi. Aibu ni kuivumilia timu miaka yote hiyo, na ndugu tukamchoka kwa msimu mmoja. Leo ukitoka ibadani, utapita mlango wa nani?