Nani Kasema Lazima Tulie?

Mhariri mmoja, jina nalihifadhi kwa kuwa namheshimu na kwa kuwa ana kitabu changu, alinirudishia makala akiwa ameandika pembeni maneno mawili tu: "Utalii huu." Makala yenyewe ilihusu siku nane nilizoendesha baiskeli kando ya mto Danube, kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria. Nilipomfuata kumuuliza kosa langu, alivua miwani akasema: "Kijana, mwandishi wa Kiafrika akienda Ulaya tunataka tuone baridi, upweke, ubaguzi. Wewe umetuletea soda."

Ndiyo, mzee. Nimeleta soda. Na leo naitetea.

Waaustria wana soda yao yenye ladha ya mimea ya milimani, Almdudler, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957. Niliinywa pale Schlögen, mahali ambapo Danube unagonga milima ya mawe, unakata kona na kurudi karibu ulikotoka, kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Wenzangu mezani walikuwa wanakunywa Radler, yaani bia iliyochanganywa na soda ya limau. Neno hilo maana yake ni mwendesha baiskeli. Inasimuliwa kwamba mwaka 1922 mwenye baa mmoja nje ya Munich, Franz Xaver Kugler, alivamiwa na kundi kubwa la waendesha baiskeli. Akaona bia haitatosha, akaiongezea soda, kisha akajigamba kwamba amewabunia kinywaji maalumu wasije wakaanguka njiani! Wajuzi wanakitilia shaka kisa hiki, maana mchanganyiko huo ulishajulikana kabla. Lakini nauliza: mama ntilie wa Buguruni anayeongeza maji kwenye mchuzi wateja wakizidi, huyu Mjerumani si ndugu yake? Kama hiyo si fasihi, fasihi ni kitu gani?

Halafu baiskeli. Mimi nimekulia Tandika. Baiskeli nilijifunza kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, maana siti sikuifikia. Kwetu baiskeli ni kazi: inabeba mkaa, samaki, mikate, na mgonjwa ikibidi. Kule nilipitwa na bibi mwenye umri wa kuwa na vitukuu, kofia kichwani, anapiga kengele nimpishe! Nikakanyaga kwa hasira. Sikumpata. Jamani, kuna aibu tamu kuliko hiyo? Na kwa nini niifiche eti kwa sababu haina machozi?

Msinielewe vibaya. Viza niliihangaikia mpaka viatu vikaisha soli, pamoja na barua ya dada yangu anayefanya kazi Linz, bima, na taarifa ya benki iliyonifanya nione haya. Ndani ya treni moja mkagua tiketi aliwapita abiria wote akaja kwangu peke yangu. Hayo niliyaandika. Niliyapa aya moja, kwa sababu katika siku nane yalichukua nafasi ya aya moja. Mhariri wangu anataka yachukue kitabu kizima.

Tena kuna la zaidi. Siku ya nne, baada ya Linz, njia ileile ya raha inapita Mauthausen. Niliegesha baiskeli, nikapanda kilima hadi kwenye kambi ya Wanazi iliyofanya kazi kuanzia 1938 hadi 1945. Hapo na katika matawi yake walifungwa watu wapatao 190,000, na wasiopungua 90,000 hawakutoka hai. Kwenye machimbo ya mawe zipo ngazi 186 ambazo wafungwa walizipanda wakiwa wamebeba mawe mgongoni. Nilizitazama, kisha nikatazama chini: mto uleule, mashamba yaleyale, jua lilelile. Jioni nikaagiza soda yangu. Sikuimaliza.

Sasa nambieni. Kama nisingemwonyesha msomaji utamu wa ule mto, angeelewaje kitisho cha kilima kilicho jirani yake? Hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa nne wa makala. Sidhani kama mzee alifika.

Na tusidanganyane kwamba jadi yetu ni kilio. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia, akiwa mtumishi wa Mjerumani, zama za ukoloni. Sababu za kulia alikuwa nazo tele. Yeye akatazama watu na desturi zao, akatusimulia kwa Kiswahili. Habari zake zikachapwa mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli*. Hakuomba ruhusa ya kushangaa. Sisi, miaka zaidi ya mia moja baadaye, tunaiomba kwa nani?

Lakini na ninyi vijana wenzangu mnaorudi kutoka mamtoni na mikogo, sijawasahau. Kuandika "nilikwenda, nikaponda raha, mandhari yalivutia" ni tangazo la kampuni ya ndege. Niambie soda ilikuwa na ladha gani, ulilipaje, nani alikucheka, na ulipotazama nyuma uliona nini. Furaha nayo inataka ushahidi kama huzuni.

Anayetutaka tulie kila tunapovuka bahari anatuona nusu watu. Awe mzungu anayenunua vitabu au mhariri wetu wenyewe, kwangu ni mmoja.

Makala naiandika upya, mzee. Soda inabaki. Nimeongeza ukurasa mmoja tu, wa nilivyoanguka Vienna tairi liliponasa kwenye reli ya tramu, na yule bibi, au pacha wake, akashuka kuniokota.