"Evolue" Maana Yake Nini?

Liko neno la Kifaransa ambalo wazee wetu wa huku Mulongwe na Uvira nzima walilijua zamani za Wabelgiji: évolué. Kwa vinywa vyetu likawa "evolue". Katika sheria neno hili limekwisha kufa, lakini katika mioyo ya watu lingali hai. Nasi twataka kulipinga.

Tuanze na asili yake. Kwa Kilatini, evolvere ni kukunjua. Zamani vitabu viliviringishwa kama mkeka, na msomaji alikunjua kidogo kidogo. Wafaransa wakalitumia neno hilo kwa askari wanaogeuza safu zao, kisha kwa viumbe vinavyobadilika polepole. Mwishowe watawala wa Kongo wakalibandika juu ya watu: mwenye kusoma na kusema Kifaransa akaitwa "aliyekwisha kukunjuliwa". Na wengine je? Walikuwa mikeka iliyofungwa?

Mwaka 1948 ilitolewa carte du mérite civique, na mwaka 1952 ikafuata ile ya immatriculation. Mwombaji alichunguzwa hata nyumbani mwake, jinsi anavyokula na anavyoishi na mkewe. Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, akaipata mwaka 1954. Waliopewa walikuwa wachache sana kati ya mamilioni, na hata hao hawakuupata usawa walioutumaini.

Mtu atasema: "Lakini neno hilo liliwatia watu bidii ya shule." Bidii ni njema. Hatukatai shule, wala hatukatai Kifaransa. Twakataa kupimana utu. Mama ashukaye mlimani na kikapu cha mihogo, asemaye Kifuliiru tu, hujibiwa Kifaransa ofisini ili aone haya. Kijana aliyesoma huificha Kivira cha nyanya yake mbele ya wenzake. Je, hiyo siyo kadi ile ile, ila sasa twaipiga muhuri sisi wenyewe?

Bwana wetu Yesu, katika sinagogi la Nazareti, alikunjua kitabu cha nabii Isaya, akawasomea watu habari njema kwa maskini. Hakuuliza nani ana kadi. Huko ndiko kukunjua kwa kweli. Basi, ndugu uliyesoma, kunjua kitabu, usitunishe kifua. Wasomee na wengine.